Zimwi, Jini na Mwenyeji wa Chemchemi

Ukungu wa msitu wa Ngorongoro unaposhuka jioni mpaka kwenye mashamba ya Karatu, watoto wa madrasa huwa hawapendi kurudi nyumbani mmoja mmoja. Hungojeana mlangoni, na katika kungojeana huko ndipo maswali huzaliwa. Ustadhi, zimwi ni jini? Na yule wa mtoni anayesimuliwa na bibi, naye ni jini? Na fisi anayecheka usiku, ni fisi kweli au ni mtu?

Wapo watu wazima wanaoyacheka maswali haya. Mimi siyacheki, kwa sababu tangu utotoni habari za viumbe wa ajabu zimenishika kuliko habari nyingine zote. Mama yangu mzazi ni mzaliwa wa pwani ya Tanga, na kwake nilipata mazimwi. Majirani zetu Wairaqw walinipa wenyeji wa chemchemi. Wafugaji wa Kimaasai waliokuja mnadani walinipa jitu la msituni. Nilipokwenda chuo kusoma elimu ya dini, wenzangu walipokimbilia mlango wa mirathi, mimi nilibaki maktaba nikitafuta wanazuoni wamesema nini kuhusu ghuli. Leo kazi yangu katika kamati ya msikiti ni mihutasari, stakabadhi na barua za kuomba mabati, lakini kitabu kilicho karibu na kitanda changu bado ni cha habari hizo.

Nayaandika haya katika ukurasa wa familia kwa sababu jambo hili lina uzito katika nyumba zetu. Yupo mzazi anayemwambia mtoto kwamba yote ni upuuzi. Mtoto akikua na kuikuta Surat al-Jinn, yenye aya 28, ndani ya Msahafu, hajui amwamini nani. Yupo pia mzazi anayeona jini katika kila homa na kila ndoto mbaya. Kati ya wawili hawa sijui ni yupi anayetutia hasara kubwa zaidi, ingawa wa pili ndiye anayegonga mlango wa msikiti saa sita za usiku.

Tuanze na wenyeji wa hapa. Wairaqw, ambao Waswahili wengi huwaita Wambulu, ndio walio wengi katika wilaya ya Karatu, na asili yao wanaitaja kuwa ni Irqwa Da'aw, kule kwenye miinuko ya Mbulu. Katika imani yao ya zamani, Lo'a ni mwenye kheri, anatajwa kama mama, na jina lake ndilo jina la jua. Upande wa pili wapo netlangw, wakazi wa ardhini na majini. Hawa hukaa kwenye chemchemi, mito na mabonde yenye unyevu, nao huogopwa kwa kuleta maradhi na misiba. Ndiyo maana mtu aliyelelewa kizamani hakuisogelea chemchemi kwa fujo, na mahali pengine penye maji hapakulimwa wala hapakukatwa miti.

Msomaji aliyesoma tafsiri ya Surat al-Jinn atakuwa amekwisha kukumbuka jambo. Katika aya ya sita ya sura hiyo Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba walikuwapo wanaume katika wanadamu waliokuwa wakitaka kinga kwa wanaume katika majini, na hilo likawazidishia madhila. Wafasiri wanafafanua kwamba Mwarabu wa zama za ujahilia, akiingia bonde usiku pamoja na ngamia wake, alikuwa akimwita bwana wa bonde lile, katika majini, ampe hifadhi dhidi ya wapumbavu wa kaumu yake. Tazama basi jinsi bonde la Hijazi na bonde la Mbulu yalivyo na khofu moja. Uislamu haukuja kumwambia Mwarabu yule kwamba bonde halina kitu. Ulikuja kumbadilishia mlango wa kubisha. Katika Sahih Muslim, Bibi Khawla binti Hakim (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) dua fupi ya mwenye kutua mahali, ya kujikinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu, na kwamba mwenye kuisoma hatadhuriwa na kitu mpaka aondoke mahali hapo. Mtoto wa miaka 5 anaihifadhi kwa siku mbili, nami nimewaona wakiisoma wakiwa na madumu ya maji mikononi.

Adabu ya chemchemi nayo haikuachwa. Mtume (S.A.W.) amekataza kwenda haja kwenye mapito ya maji, njiani na kwenye vivuli vya watu, na akahesabu kuwa ni mambo yanayomletea laana mwenye kuyafanya. Bibi wa Kiiraqw anayemkanya mjukuu asichafue chemchemi ili netlangw asikasirike, na ustadhi anayemkanya mtoto huyo huyo kwa Hadithi hii, wanamzuia mkono uleule. Tofauti ni nani anayeogopwa. Hii si tofauti ndogo, bali ni tauhidi yenyewe; ila haitulazimishi kumtukana bibi wa watu mbele ya mjukuu wake. Nitarudi kwenye maji haya, maana yana siri nyingine ambayo bibi hakuijua wala ustadhi hakuijua.

Ukitoka Karatu kwenda juu, ukapita lango la Lodoare, barabara inaingia msituni na kupanda hadi ukingo wa kreta, zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi huoni mbele hatua ishirini. Msitu wa namna hii ndio makazi ya Enenauner wa Wamaasai. Masimulizi yake yaliandikwa na Alfred Hollis, ofisa wa Kiingereza, katika kitabu chake juu ya Wamaasai kilichochapwa Oxford mwaka 1905. Husemwa kwamba kiumbe huyo zamani alikuwa simba, kisha akajigeuza, ubavu mmoja ukawa mtu na wa pili ukawa jiwe. Hakimbizi watu. Anachofanya ni kukaa kando ya njia na kumwita mpita njia kwa upole, akimwita ndugu, amsaidie kujitwisha mzigo wa kuni. Atakayekwenda kwa huruma zake ndiye atakayechomwa. Kwa sababu hiyo wapitao msituni waliambiwa waende pamoja na wasiitike sauti wasiyoijua.

Katika viumbe wote niliowasoma huyu ndiye aliyenitisha zaidi, kwa kuwa anawinda kwa kutumia wema wa watu.

Sasa mlinganishe na ghuli wa Waarabu. Huyu naye hukaa njiani, jangwani, akijigeuza umbo baada ya umbo, akiwasha moto wa mbali ili msafiri aufuate na kupotea. Walisimulia kwamba hata akijipamba kama mwanamke mzuri, miguu yake hubaki na kwato za punda. Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Jabir (R.A.) katika Sahih Muslim, alilikanusha jambo la ghuli pamoja na ushirikina mwingine wa zama zile. Imam Nawawi, katika sherehe yake, ameeleza njia mbili walizozipita wanazuoni. Wengi wao wamesema kwamba kilichokanushwa ni kuwapo kwa ghuli kama walivyomdhania Waarabu. Wengine wakasema kilichokanushwa ni ule uwezo waliompa wa kujigeuza na kuwapoteza watu, wala si kwamba majini hawana wachawi wao wenye kutia watu wasiwasi na kiinimacho. Mimi huwasomea vijana kauli zote mbili ili waone kwamba wakubwa wetu walilijadili jambo hili kwa adabu na kwa hoja, bila kupiga kelele.

Tena hawakuishia kwenye mapokezi peke yake. Al-Jahidh, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 255 Hijria, katika kitabu chake kikubwa juu ya wanyama alinakili maelezo ambayo hata daktari wa leo hayakatai. Mtu akikaa nyikani peke yake kwa muda mrefu, bila kazi wala mwenzi wa kuzungumza naye, upweke humfanyia kazi akilini. Kidogo akakiona kikubwa, kisichokuwapo akakisikia. Kisha anakitungia shairi, watoto wanalelewa juu ya shairi hilo, nao wakipita nyikani usiku wanakiona walichofundishwa kukiona. Miaka takriban 80 baada yake, al-Mas'udi naye aliandika mlango juu ya ghuli. Huyu alifika kwenye pwani yetu, katika kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wanahistoria wengi wanaona kuwa ni Pemba. Basi ghuli na zimwi wamejuana zamani.

Nimekwisha kusema zimwi mara kadhaa bila kulijibu swali la watoto. Jibu langu ni hili: jini ni kiumbe aliyethibitishwa na Qur'ani, ameumbwa kwa moto, ana walio wema na walio waovu, anakalifishwa kama sisi, nasi hatujui habari zake isipokuwa tulizoambiwa. Zimwi ni kiumbe wa ngano. Baba yake ni msimulizi na mama yake ni usiku. Mtoto anaruhusiwa kumwogopa mpaka hadithi iishe. Watoto hulipokea jibu hili vizuri. Wanaosumbuka nalo ni wazazi.

Kuhusu fisi nina maneno zaidi. Wambugwe, wanaoishi chini ya ukuta wa bonde karibu na Ziwa Manyara, waliandikwa na mtafiti Robert Gray katika kitabu cha mwaka 1963 kuhusu uchawi Afrika Mashariki. Waliamini kwamba fisi ni mifugo ya wachawi, kila fisi ana mwenyewe, huwapanda usiku, huwakama, na siagi ya maziwa yao ndiyo huwashia mienge. Imani hii haikuishia Mbugwe. Hapa Karatu fisi akilia karibu na nyumba ya bibi mjane anayeishi peke yake, asubuhi utasikia minong'ono kisimani.

Wakati Gray anachapisha habari hizo, Mholanzi mmoja aitwaye Hans Kruuk alikuwa karibu kuanza kukesha ndani ya kreta ya Ngorongoro. Kreta ile ina eneo la kilometa za mraba 260 hivi na kina cha meta 600. Katika miaka ya 1960 Kruuk aliwafuata fisi usiku kwa mwanga wa mwezi, akahesabu wanachokula na jinsi walivyokipata, na mwaka 1972 akachapisha kitabu chake. Aligundua kwamba fisi wa kreta, ambaye dunia nzima ilimwita mla mizoga na mwoga, aliwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, nyumbu na pundamilia, na kwamba mara nyingi simba ndiye aliyekuja alfajiri kumnyang'anya. Watalii walioamka kwa kuchelewa walimwona simba juu ya nyama na fisi pembeni, wakahukumu kinyume. Ama kile kicheko, fisi hukitoa anapofukuzwa au kunyang'anywa; ni kilio cha mnyonge.

Ninaipenda sana habari hii. Mara mbili nimeisimulia msikitini baada ya darsa, na mara zote mbili wazee walikaa kimya kwa muda. Mnyama aliyedhulumiwa kwa jina ni jambo la kuhuzunisha. Lakini mama mzee mwenye macho mekundu, aliyeyapata kwa moshi wa kupikia wa miaka 40, akihesabiwa kuwa ndiye mwenye fisi, hilo si la ngano tena. Nchi hii inajua idadi ya vikongwe waliouawa kwa panga kwa sababu ya macho mekundu, hasa kule Usukumani, na Karatu haiko mbali na huko.

Mlima nitautaja kwa ufupi, maana wengi wameuandika. Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai, hutapika ujiji usio na mfano: hutoka mweusi kama matope, una joto la chini kuliko wa volkano nyingine, kisha ukipata unyevu hubadilika kuwa mweupe. Ulilipuka mwaka 1966 na tena 2007. Majivu yake ndiyo, inaaminika, yaliyofanya lile tuta la mchanga mweusi karibu na Olduvai, linalotembea nyikani kwa takriban meta 17 kila mwaka bila kusambaratika. Nimelishuhudia. Sikuona jini pale, na sikuwa na haja ya kumwona.

Sasa nimpeleke msomaji mbali kidogo. Nchini Ufilipino, ambako Uislamu ulifika visiwa vya kusini vya Sulu karne kadhaa zilizopita, wanavijiji wana viumbe wengi kuliko sisi. Yuko mzee wa kichuguu, wanayemwita nuno sa punso, na mpita njia humwomba radhi kabla ya kupita kichuguu chake, sawasawa na mtu wa hapa kwenye chemchemi. Yuko aswang, mla watu anayejigeuza mbwa au nguruwe usiku. Yuko yule mwanamke ambaye kiwiliwili chake hukatika kiunoni, nusu ya juu ikaota mabawa na kuruka, nusu ya chini ikabaki imesimama. Na yuko kapre: jitu jeusi, lenye manyoya, linalokaa juu ya mti mkubwa likivuta tumbaku, na cheche zake huonekana gizani.

Jina hili kapre lilinifanya niweke kitabu chini. Wataalamu wa lugha wanalirejesha kwenye neno la Kihispania cafre, na hilo linatokana na neno la Kiarabu kafir, ambalo sisi tunalisema kafiri. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walilitumia neno hilo kwa watu wa bara la Afrika wasiokuwa Waislamu. Wareno wakalichukua kwa ajili ya Mwafrika yeyote mweusi. Na Wareno hao hao waliwachukua watu wa Msumbiji na pwani yetu wakiwa watumwa, wakawapitisha Goa na Macau, na baadhi yao wakauzwa kwa Wahispania mjini Manila, hasa kati ya mwaka 1580 na 1640 wakati Ureno na Uhispania zilipokuwa chini ya mfalme mmoja. Kwa hiyo lile jitu la mtini, wanalotishiwa watoto wa Manila ili walale, jina lake ni jina walilobandikwa babu zetu. Mtu aliyechukuliwa kwa pingu kutoka Afrika Mashariki, mbali na mamaye, amebaki katika kumbukumbu za watu wengine kama zimwi. Nami naongeza, kwa wale wanaolitupa neno hilo ovyo juu ya jirani yao: angalieni linaweza kusafiri mpaka wapi.

Khofu ikishaumbwa hupata watumiaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Edward Lansdale, ofisa wa jeshi la Marekani aliyekuwa akiisaidia serikali ya Ufilipino dhidi ya waasi wa Huk, alieneza uvumi kwamba aswang anakaa kwenye kilima fulani. Kisha askari wakamvizia mwasi wa mwisho katika doria, wakamtoboa shingo matundu mawili, wakamning'iniza kichwa chini mpaka damu ikaisha, na kuurudisha mwili njiani. Wenzake walipouona, wakakihama kilima. Aliyaandika haya mwenyewe katika kumbukumbu zake, mwaka 1972. Aswang hakuua mtu siku ile.

Kwetu kuna habari ya Popobawa, na wasomaji wa umri wangu walikuwa wadogo ilipotokea. Ilianza Pemba, Februari 1995, katika mwezi wa Ramadhani, ikavuka hadi Unguja, mwaka ambao Zanzibar ilikuwa ikielekea kwenye uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Watu walisema kinawajia usingizini, kinawakandamiza, hawawezi kunyanyua kidole wala kupiga kelele. Familia nzima zilikesha nje zikizunguka moto. Wazee wetu wa Kiswahili walikuwa na neno la hali hiyo kabla ya Popobawa kuzaliwa: jinamizi. Mtu huzinduka akili kabla mwili haujazinduka, kifua kikahisi kizito, macho yakaona kivuli. Madaktari wanaifahamu, na wanasema huwapata zaidi waliokosa usingizi na wenye khofu. Ukiwakesha watu wa mji mzima kwa khofu, unatazamia nini?

Kuna jambo la mwaka ule ambalo wasimulizi wa Popobawa hupenda kuliacha. Mjini Zanzibar umati ulimkamata kijana mgonjwa wa akili, ambaye alikuwa amefika kisiwani kutoka bara ili apate matibabu, ukasema ndiye, ukamuua. Kiumbe wa mabawa hajawahi kuonyeshwa hata unyoya mmoja. Kaburi la kijana huyo lipo.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye maji. Miongoni mwa wanaogonga mlango wa msikiti usiku, wengi huja na mtoto aliyeanguka, akakakamaa, akatoa povu na kupoteza fahamu. Wazazi husema amekanyaga mahali, au amepita mtoni magharibi. Wanataka asomewe. Tunamsomea. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo la kisharia, halina ubaya maadamu halina shirki, wala hatumpigi mtoto, wala hatumfungi, wala hatumfukizi moshi mpaka akakosa pumzi. Kisha tunawaambia jambo la pili, na hili ndilo wanalolipokea kwa uzito: alfajiri mpelekeni hospitali, maana hiki kinafanana na kifafa.

Katika hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, madaktari waliowachunguza wagonjwa wa kifafa kwa picha za ubongo waliwakuta sehemu yao wakiwa na vivimbe vya tegu wa nguruwe kichwani. Baba mmoja aliposikia hayo alikasirika, akasema nyumba yake haijawahi kuingiza nyama hiyo. Alisema kweli, na bado jambo linawezekana. Anayekula nyama ya nguruwe yenye tegu isiyoiva hupata mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo huo hutoka na kinyesi chake, yakaingia kwenye chemchemi, kwenye mchicha, kwenye mikono. Anayeyameza ndiye ambaye vivimbe hufika ubongoni, hata awe ni hafidh wa Qur'ani. Basi mwenyeji wa chemchemi aliyekuwa akiwaangusha watoto, katika baadhi ya nyumba, alikuwa ni choo kisichojengwa. Kwenda haja kwenye mapito ya maji kulikatazwa karne nyingi kabla ya mashine ile ya picha kufika Haydom.

Kifafa si cha kuambukiza. Povu halimdhuru anayelishika. Nalisema hili kwa sababu kule Mahenge, ambako Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha matibabu ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameanguka jikoni, na watu waliogopa kuwagusa kuwatoa. Mtoto akianguka, msogezeni mbali na moto na mawe, mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na mhesabu dakika. Zikizidi tano, tafuteni gari. Dawa zake ni vidonge vya kawaida vinavyopatikana katika hospitali za wilaya, huliwa kila siku kwa miaka, wala haviachwi ghafla eti kwa kuwa mtoto ameonekana mzima.

Yupo kijana wa miaka 9 katika madrasa yetu aliyepitia njia hii. Mama yake alikuwa amekwisha uza mbuzi wawili kwa mganga. Sasa jioni anasoma nyiradi zake kama wenzake, anameza kidonge baada ya sala ya Isha, na baba yake huweka alama kwenye kalenda ukutani. Mara ya mwisho nilipoitazama, ilikuwa na alama za miezi mitano bila anguko. Yeye ndiye anayeomba kila Jumamosi nirudie hadithi ya Enenauner, nami huisimulia mchana, jua likiwa juu.